Mawe ya Ruri na Ndimu Moja

Anko wangu ana kiwanja Lambwe, upande ule ambapo vilima viwili vya Ruri vimekaa kama wazee wanaotazamana bila kusalimiana. Desemba iliyopita alinipigia simu. "Injinia, njoo uangalie mawe." Ananiita injinia kwa sababu nilisoma uhandisi wa ujenzi miaka miwili kabla ya kuacha chuo, na kwa sababu anapenda kunichokoza.

Nilikuta lori moja limeshamwaga mzigo kando ya mtaro wa msingi. La pili lilikuwa linangojewa. Mawe yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, mazito, mengine yana mistari ya kahawia kama kutu. Fundi alikuwa ameshaanza kunung'unika kwamba si mawe ya kawaida, ukiyapiga nyundo yanapasuka vibaya. Anko alitaka kujua kitu kimoja tu: yatashika nyumba au hayatashika?

Sikuwa na maabara. Nilikuwa na ndimu iliyobaki kwenye sahani ya omena. Nilikwaruza jiwe kwa msumari mpaka nikapata unga kidogo, nikaukamulia ndimu. Ukiinama karibu, ukawaambia watu wanyamaze, unasikia kabla ya kuona: mchemko mdogo, kama soda iliyosahaulika wazi ikimalizia gesi yake. Nikasema, hii ni chokaa. Fundi akacheka. Chokaa ni ile inayouzwa kwa mfuko, ya kupaka ukuta wa shule. Hili ni jiwe.

Sote wawili tulikuwa sawa. Kwa lugha ya kemia ni kalsiamu kaboneti: kalsiamu, kaboni na oksijeni. Ni kitu kilekile kilicho kwenye ganda la yai, kombe la konokono, marumaru ya bafu la tajiri, chaki ya mwalimu wako wa hesabu (ile ya zamani), matumbawe ya Mombasa na vidonge vya kutuliza kiungulia. Si jiwe gumu. Msumari unalikwaruza, ndiyo maana unga ulipatikana haraka. Asidi inalila na kutoa kaboni dioksaidi, na hiyo ndiyo sauti tuliyoisikia.

Lakini kuna jambo lililonisumbua usiku ule kuliko swali la anko. Shuleni tulifundishwa kwamba mawe ya chokaa hutoka baharini. Viumbe wanakufa, makombe yao yanarundikana chini ya maji, miaka milioni inapita, unapata jiwe. Sawa kabisa kwa Mombasa na Kilifi. Lambwe je? Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Ruri hailali kwa matabaka kama mawe ya baharini. Imesimama kama kitu kilichosukumwa kutoka chini.

Na kweli kilisukumwa. Ruri ni mabaki ya volkano, na volkano yenyewe si ya kawaida. Lava nyingi duniani hujaa silika, yaani mali ileile ya mchanga na kioo. Hii yetu ilijaa kaboneti. Wanajiolojia huliita jiwe hilo kabonataiti, na ni adimu: sehemu zinazojulikana dunia nzima ni mia chache tu. Nyanza Kusini tumepewa kwa wingi. Mlima Homa ni kabonataiti. Ruri zote mbili. Wasaki. Na huko Gwasi, katikati ya ile volkano kubwa iliyokufa inayoitwa Kisingiri, kuna Rangwa.

Wasomi walibishana juu ya mawe haya kwa miongo. Ubishi ulikuwa na maana, kwa sababu ukichoma mawe ya chokaa kwenye moto wa kawaida hayayeyuki. Yakifika karibu nyuzi 900 yanaachia hewa ya kaboni na kubaki unga mweupe. Sasa yangewezaje kuwa lava? Wengine walisema ni mawe ya kawaida ya baharini yaliyobebwa na volkano kutoka chini. Halafu mwaka 1960 mwanajiolojia Mwingereza, J. B. Dawson, akapanda Ol Doinyo Lengai kaskazini mwa Tanzania, akaona kaboneti ikitiririka kreta, nyeusi na nyepesi kama oili chafu, ikiwa na joto dogo kwa lava, chini ya nyuzi 600. Lava ya Lengai imejaa magadi kuliko chokaa, lakini hoja ilishathibitika: jiwe la kaboneti linaweza kuzaliwa na moto.

Kwa hiyo pwani wana chokaa ya bahari, na sisi tuna chokaa ya moto. Fomula ni ileile. Historia zake hazifanani hata kidogo.

Waswahili waliijua chokaa kama material ya ujenzi karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuiandika kwa alama za kemia. Walipanga magogo kwa duara, wakaweka vipande vya matumbawe juu, wakawasha tanuu na kuliacha liwake. Hewa ya kaboni inatoka, na uzito wa jiwe unapungua karibu nusu: kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zinakuachia kilo 56 za chokaa kali. Kali kweli, inachoma ngozi. Unaizima kwa maji, inachemka yenyewe bila moto, kisha unachanganya na mchanga. Ukishaipaka ukutani inaanza safari ya kurudi. Polepole inavuta hewa ya kaboni ileile kutoka angani na kuwa kalsiamu kaboneti tena. Ukuta wa Lamu ni matumbawe yaliyovunjwa, yakapikwa, yakarudi kuwa jiwe. Wareno walipoanza Fort Jesus mwaka 1593, mchoro ulikuwa wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, lakini mawe na chokaa vilikuwa vya palepale Mombasa.

Huku kwetu watu walijenga kwa mawe pia. Ukivuka kuelekea Migori utafika Thimlich Ohinga, kuta ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Inadhaniwa zilijengwa karne ya 16, yaani takriban wakati mmoja na Fort Jesus. Mahali pengine ukuta una mita moja na nusu, pengine unafika mita nne na nusu. Ndani yake hamna chokaa wala udongo wa kushikilia. Mawe yamepangwa kwa safu ya nje na ya ndani, na katikati yakajazwa mengine madogo ya kuzifunga pamoja. Watu walikaa humo kwa zamu, jamii moja baada ya nyingine, mpaka karne ya 20.

Nimewahi kusikia mtu akisema, eti wenzetu wa pwani walikuwa na teknolojia na sisi tulipanga mawe tu. Sikubali. Tanuu la chokaa linakula kuni nyingi ajabu, na ukuta wa Thimlich ulikuwa wa kuzuia ng'ombe wasiibiwe na wanyama wasiingie, si wa kubeba ghorofa. Ukuta usio na chokaa pia hauna kitu cha kuoza: maji yanapita katikati, jiwe likicheza unalirudisha kwa mkono. Waliojenga walikuwa wamezungukwa na nchi yenye vilima vya chokaa na hawakuihitaji. Huo nao ni uamuzi wa kihandisi.

Walioihitaji ni wakoloni. Chokaa ya kujengea, ya kusafishia maji, ya shambani, na baadaye ya viwanda vya sukari. Lakini tanuu maarufu la eneo hili halikuwekwa Ruri. Liko Koru, kule bonde la Nyando, ambako kampuni inaitwa Homa Lime hadi leo ingawa Mlima Homa uko mbali nayo. Jiwe la Koru ni ndugu wa la kwetu, limetokana na volkano ya Tinderet. Koru ina kitu ambacho Lambwe haijawahi kuwa nacho, nacho ni stesheni ya reli. Chokaa ni nzito na bei yake ni ndogo. Ukikosa usafiri wa bei nafuu, mlima mzima wa chokaa ni mandhari tu. Na Lambwe haikuwa na reli wala watu wengi. Ilikuwa na mbung'o. Ugonjwa wa malale uliwafukuza watu bondeni kwa muda mrefu, na sehemu ya bonde ikaishia kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, hiyo tunayoiita Ruma leo.

Hapa lazima nikuambie kisa cha Koru, kwa sababu sijui kwa nini hakipo kwenye vitabu vyetu vya darasa la nane. Mwaka 1926 setla mmoja, Daktari H. L. Gordon, aliona mifupa ndani ya mawe ya chokaa yaliyokuwa yakichimbwa Koru. Alipeleka mifupa hiyo Uingereza. Mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, A. T. Hopwood, alishtuka kiasi cha kuja mwenyewe mwaka 1931, na mwaka 1933 akatangaza jina: Proconsul, nyani mkubwa wa kale asiye na mkia, aliyeishi hapa karibu miaka milioni 20 iliyopita. Jina hilo ni mzaha. Consul lilikuwa jina la sokwe wa maonyesho, kwa hiyo Proconsul ni "aliyekuja kabla ya Consul". Mmoja wa viumbe muhimu zaidi kwa historia ya jamii yetu amebeba jina la sokwe wa sarakasi. Mwaka 1948 Mary Leakey akapata fuvu la jamaa yake kisiwani Rusinga, ng'ambo kidogo ya Mbita.

Sababu ya mifupa kubaki ni chokaa hiyohiyo. Jivu la volkano za kabonataiti lina kalsiamu nyingi. Mvua ikinyesha, kaboneti inayeyuka kidogo, inapenya kwenye mfupa, inaganda tena. Udongo wenye asidi hula mfupa, huu uliulinda. Rusinga jivu la Kisingiri lilihifadhi hata mbegu, matunda na wadudu. Kwa hiyo mchimba chokaa wa Koru alikuwa akivunja kabati la kumbukumbu ili apate mali ya kuchoma. Mara nyingine huwaza mifupa mingapi iliingia tanuuni kabla ya Gordon kuangalia chini.

Matumizi ya leo hayana drama hiyo, ila ukiyafuata utaona jinsi unga huu mweupe ulivyoingia kila mahali. Kiwanda cha sukari kikishakamua miwa, maji yake ni machafu na yana asidi. Yanatiwa chokaa, yanapashwa moto, uchafu unashikamana na kuzama. Wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya wana mashamba yaliyochoka kwa asidi. Unga wa chokaa unaipunguza na mbolea waliyonunua kwa shida inaanza kufanya kazi. Kule Macalder na machimbo mengine ya dhahabu Migori, panapotumika sianidi kutoa dhahabu kwenye mchanga, chokaa ndiyo inayozuia sianidi isigeuke gesi. Mtu akibana matumizi ya chokaa pale ili aokoe shilingi kidogo, anahatarisha kifua cha kila aliyesimama karibu na tangi.

Na saruji, bila shaka. Saruji ni mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na udongo na kuchomwa karibu nyuzi 1,450. Kwenye mfuko uliobebwa na boda mpaka kwa anko kuna chokaa ya mahali fulani, na si Ruri. Bamburi ilianza kuzalisha saruji mwaka 1954 kwa matumbawe ya kale ya Mombasa, chokaa ya bahari. Waganda walijaribu njia nyingine. Tororo ina kabonataiti kama yetu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls likijengwa Jinja, kiwanda cha saruji kiliwekwa palepale. Walifanikiwa, lakini jiwe la moto liliwasumbua. Lina fosfeti, na fosfeti ikizidi saruji inachelewa kupata nguvu. Ilibidi wachague sehemu ya kuchimba na kuacha nyingine. Vilima vya Sukulu, jirani kabisa, vikachimbwa kwa ajili ya fosfeti yenyewe, itengeneze mbolea.

Tororo ndiyo iliyonifanya nisitishe jibu langu kwa anko. Makombe ya baharini hujenga jiwe karibu safi. Kabonataiti hupanda kutoka vilindini ikiwa imebeba kila kitu ambacho mawe mengine yalikataa: fosfeti, niobiamu, madini adimu ambayo sasa kila nchi kubwa inayatafuta kwa ajili ya simu na magari ya umeme. Mlima Mrima kule Kwale ni jiwe la ukoo huuhuu, na leseni yake ya uchimbaji ilipofutwa mwaka 2013 kesi ilifika mahakama za kimataifa. Pamoja na hayo yote, hubeba thoriamu. Na thoriamu hutoa mnururisho.

Nilikuwa nimelala kwenye kochi la anko, bando imebaki kidogo, nikaandika Lambwe na thoriamu kwenye simu. Jibu lilikuwepo. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipima mawe na udongo wa Lambwe Mashariki na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Mnururisho wa asili hapa unapita wastani wa dunia kwa mbali, na sehemu kubwa inatokana na thoriamu iliyo ndani ya kabonataiti. Wameliweka eneo hili kwenye kundi la maeneo yenye mnururisho mkubwa wa asili.

Sasa tuelewane, sijaja kutangaza Chernobyl. Watu wanaishi maisha yao kwenye maeneo ya aina hii, India na Brazil wako kwa maelfu, na kipimo cha aina hii si cha kukuangusha leo wala mwaka kesho. Ni hesabu ya miaka. Thoriamu haina haraka. Nusu yake inachukua miaka bilioni 14 kuisha. Tofauti iko kati ya kupita kando ya kilima na kukizungushia kitanda chako pande nne. Ukilima karibu na Ruri unarudi nyumbani jioni. Ukijenga kwa Ruri, nyumbani kwenyewe ndiko unakorudi kuipata dozi, saa kumi kila usiku, wewe na mtoto anayetambaa sakafuni.

Asubuhi nilimweleza anko kwa chai. Nilimwambia kama mzigo, jiwe litashika: msingi wa nyumba ya chini haudai mengi. Kama jiwe la kulala nalo, hapana, mimi nisingeweka. Akauliza kama plasta itazuia. Kidogo. Thoriamu hutoa gesi ambayo nusu yake hufa ndani ya dakika moja, kwa hiyo plasta nzuri huifungia ukutani mpaka ife humo, na madirisha makubwa husaidia. Ila ule mnururisho unaopenya ukuta hauulizi plasta.

"Na wewe ulijuaje?"

"Nimesoma kwa simu."

"Jana usiku."

"Jana usiku."

Akanyamaza. Jirani yake ana nyumba ya mawe hayo tangu kabla sijazaliwa. Shule aliyosoma ina msingi wa mawe hayo. Barabara ya kwenda kwake imemwagiwa kifusi kilichofanana na mawe hayo. Ripoti ya 2012 imeandikwa kwa Kiingereza cha wanafizikia, na lori la mawe linaandikiwa bei kwa Dholuo, na hivyo viwili havijawahi kukutana kwenye kiwanja cha mtu. Sikuwa na jibu la hilo, na nilijisikia vibaya kuwa mtu aliyeacha chuo ndiye aliyekuja kuzikutanisha kwa ndimu.

Fundi ndiye aliyeokoa siku. Aliuliza kama ukuta wa nje, ule wa boma, una shida. Nikasema hauna, hakuna anayelala kwenye uzio. Basi akasema lori hilo la kwanza tulipange uzio, bila saruji, kama kule Thimlich, babu yake alikuwa anajua kupanga. Matofali ya nyumba yatatafutwa. Anko alipiga hesabu kwa sauti, akataja bei ya tofali, akataja bei ya usafiri, akanitazama kama mimi ndiye niliyeitoa volkano chini.

Kisha akampigia simu mwenye lori kumwambia asilete la pili. Mwenye lori alikuwa ameshapita Ruri.